Madai ya fidia ya kyeyo ya ulinzi Iraki na Afghanistan yamekwama? Tafuta dalili yako hapa

Hii ni ya wale waliotoka UPDF (jeshi la Uganda), polisi, magereza au LDU (kikosi cha ulinzi wa mitaa) wakachukua kyeyo, yaani kibarua cha nje ya nchi, ya ulinzi kwenye kambi za Wamarekani kule Iraki na Afghanistan, wakarudi Uganda na mguu mbovu, mgongo, masikio yanayolia usiku kucha, au kichwa ambacho hakitulii. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1941 inaitwa Defense Base Act, sisi tunaiita DBA tu, na inasema kampuni inayofanya kazi za serikali ya Marekani nje ya nchi yao lazima iwakatie bima wafanyakazi wake, awe Mmarekani, Mganda, Mkenya au Mnepali, na bima hiyo ndiyo inalipa matibabu na fidia. Wengi waliondoka Entebbe bila kuambiwa hata neno moja kuhusu jambo hili na mpaka leo wapo vijijini wanauguza majeraha kwa panadol.

Maswali yanayoletwa ni yale yale kila mara ndio maana nimeyapanga kwa dalili, anza na ile inayofanana na yako, jaribu kitu rahisi kwanza alafu ndio uende kwa kikubwa. Ninavyoona mimi madai mengi hayafi kwa sababu jeraha ni la uongo, yanakufa kwa sababu ya jina, tarehe, na ripoti ya daktari yenye mistari miwili, na hivyo vyote vinarekebishika.

Kabla ya lolote kusanya karatasi: pasi uliyosafiri nayo hata kama imeisha muda, mkataba, baji ya kambi, slipu za mshahara au stetimenti ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia, barua ya kuachishwa kazi, karatasi yoyote ya kliniki ya kambini, na picha za zamani ukiwa na yunifomu. Skani zote, jitumie kwenye imeli yako na umtumie na mtoto au ndugu unayemwamini. Orijino usimpe mtu yeyote akae nazo.

"Nimejaza mtandaoni wakasema sina haki"

Sababu inayotokea sana: umejaza fomu za VA. Unaingia Google unaandika veterani na ulemavu na Marekani, inakuletea VA, idara inayohudumia waliotumikia ndani ya jeshi la Marekani lenyewe. Wewe ulikuwa mlinzi wa kampuni, hata kama ulibeba bunduki geti moja na askari wao, kwa hiyo VA lazima ikukatae na hawajakuonea. Mlango wako ni Wizara ya Kazi ya Marekani, kwenye ofisi ya fidia inayoitwa OWCP. Fomu ya majeruhi ni LS-203, na ile ya kutoa taarifa ya jeraha ni LS-201, zote zipo bure kwenye tovuti ya wizara hiyo, mtu akikuuzia fomu amekuibia.

Na usichanganye na pensheni yako ya jeshi. Mambo ya UPDF yana njia yake, Mbuya kwenye wizara ya ulinzi, na Katiba yetu kifungu cha 254 inasema pensheni ilipwe haraka, kwa utaratibu, na isikatwe kodi. Lakini ile ni ya miaka uliyotumikia hapa nyumbani, na DBA ni ya jeraha la kule.

Sababu ya pili: umeandika kampuni siyo. Wengi wanaandika jina la kampuni ya Kampala iliyowapeleka usaili na mafunzo, kumbe kule kambini mwenye mkataba na Wamarekani alikuwa mwingine. Angalia mkataba, angalia baji, angalia nani alikuwa anaweka mshahara benki. Ukikuta majina mawili andika yote mawili na ueleze nani alikuajiri na nani mlikuwa chini yake, kwa sababu sheria inasema mkandarasi mdogo akiwa hakukata bima basi yule mkubwa aliyempa kazi ndiye anabeba mzigo. Kama mkataba umepotea uliza wenzako wa kundi lenu, mtu mmoja akiwa nao unatosha kuonyesha kampuni.

Sababu ya tatu ni jina. Sisi tunaanza na jina la ukoo, wao wanaanza na la kupewa, na kwenye kitambulisho cha taifa cha NIRA labda wameandika herufi moja tofauti na pasi ya 2008. Tumia jina lilivyo kwenye pasi uliyoingia nayo Iraki kwa sababu hilo ndilo lipo kwenye rekodi za kampuni, alafu kama kitambulisho cha sasa kinasema vingine kaape mbele ya kamishna wa viapo, tamko linalosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja, uliambatishe. Pale fomu inapouliza namba ya usalama wa jamii ya Marekani acha wazi. Usiweke NIN yako (namba ya kitambulisho cha taifa) hapo na usibuni namba.

"Tovuti haifunguki, faili halipandi, fomu haiandikiki"

Hii inatesa watu ila mara nyingi ni jambo dogo. Zile fomu ni PDF za kujaza, ukizifungua ndani ya brauza ya simu zinaonekana nyeupe au zinagoma kuandikika. Pakua kwanza, alafu fungua na programu ya kusomea PDF, au nenda kafe yenye kompyuta, au chapa ujaze kwa peni nyeusi herufi kubwa, inakubalika.

Angalia VPN, ile programu inayoficha simu yako iko nchi gani. Tangu Facebook ifungwe hapa Januari 2021 simu nyingi za Uganda zinatembea na VPN imewashwa saa zote na mwenyewe ameshasahau kama ipo. Tovuti za serikali zinaweza kukukataa kwa sababu hiyo. Izime, jaribu tena, kisha jaribu brauza nyingine.

Karatasi zinapakiwa kwenye mlango wao wa mtandaoni unaoitwa SEAPortal. Ukiingia unaulizwa namba ya kesi ya OWCP na taarifa zako nyingine, na lazima zifanane na zilizo kwenye faili, hapa ndio tarehe inaua watu. Mmarekani anaanza na mwezi. Ukiandika 05/08/2009 wewe ukimaanisha tano ya mwezi wa nane, yeye anasoma tarehe nane mwezi wa tano. Sasa kampuni imesema Agosti, wewe umesema Mei, bima inasema huyu hajui hata siku aliyoumia. Kwenye visanduku tanguliza mwezi, na kwenye barua na maelezo andika mwezi kwa maneno kabisa. Ukimaliza kupakia piga skrinshoti ya uthibitisho. Picha za WhatsApp zilizopigwa juu ya meza usiku hazisomeki, skani vizuri uzigeuze PDF.

SIMAMA HAPO: jamaa wa kafe akikuambia atakutengenezea baji au barua ya kliniki iliyopotea, au mtu akikupeleka Nasser Road, ule mtaa wa Kampala unaojulikana kwa karatasi za kughushi, ondoka. Sheria hiyo hiyo inayokulipa inasema kudanganya kwa makusudi ili kupata fidia ni kosa, faini mpaka dola 10,000 au jela mpaka miaka 5, na karatasi moja ya kughushi inaua hata zile nyingine za kweli. Karatasi ikipotea sema imepotea, alafu tafuta wenzako wawili watatu mliokuwa zamu moja waandike maelezo yao.

"Nimetuma lakini kimya"

Anza na imeli. Kama uliandika imeli ya 2009 ambayo paswadi yake imesahaulika na laini iliyosajiliwa nayo ilishapewa mtu mwingine, majibu yanaenda huko na wewe huyaoni. Fungua imeli mpya yenye jina lako la pasi, iandikie ofisi kwamba anwani yako imebadilika, na kila wiki angalia pia ile folda ya spamu. Laini ya simu iwe kwa jina lako na uitumie mara kwa mara hata kama una nyingine.

Posta nayo. Fomu inataka mtaa na namba ya nyumba, sisi tunakaa nyuma ya kanisa karibu na kwa mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji). Weka sanduku la posta linalofunguliwa kweli, la parokia, la shule, la ndugu mfanyakazi, uandike kwamba ni kupitia kwake. Barua za Marekani zinachukua muda na zingine zina siku za mwisho ndani yake.

Alafu saa. Wakikuandikia simu itapigwa saa 9:00 asubuhi ya Washington, hapa ni saa kumi jioni wakati wao wako kwenye majira ya kiangazi, na saa kumi na moja jioni kuanzia Novemba mpaka Machi. Wapo walioamka wakasubiri saa tatu asubuhi yetu, simu haikulia, na kumbe jioni ilipolia walikuwa shambani. Kwenye rekodi inaandikwa kwamba mdai hakupatikana.

Kama imeli, posta na simu viko sawa na bado kimya, andika kwa OWCP uulize vitu viwili tu: namba ya kesi yako, na jina la bima inayoshughulikia. Bila hiyo namba kila unachotuma kinaelea.

"Wanasema nimechelewa"

Wazee wengi wakisikia neno hili wanakunja karatasi wanarudi nyumbani na inaniuma sana kwa sababu mara nyingi si kweli. Sheria inataka utoe taarifa ndani ya siku 30 na ufungue madai ndani ya mwaka 1. Lakini soma vizuri mwaka huo unahesabiwa kuanzia wapi.

Unahesabiwa kuanzia siku uliyojua, au ulipaswa kujua, kwamba jeraha lako lilitokana na kazi. Kama bima iliwahi kukulipa fidia, unahesabiwa kuanzia malipo ya mwisho. Kama ni ugonjwa uliotokana na mazingira ya kazi, ni miaka 2 tangu ulipojua kwamba ugonjwa, ulemavu na kazi vinahusiana, na mara nyingi mtu anajua siku daktari anapomwambia. Masikio yana kanuni yake peke yake, muda hauanzi mpaka upewe matokeo ya kipimo cha usikivu pamoja na maelezo yake kwamba umepoteza usikivu, kwa hiyo aliyekaa karibu na jenereta na mizinga miaka mitatu na hajawahi kupimwa bado hajachelewa.

Na kuna kingine ambacho bima haitakukumbusha hata siku moja. Kampuni ikijua mtu ameumia inatakiwa ipeleke ripoti yake OWCP kwa fomu LS-202. Kama ilijua na haikupeleka, saa yako ya mwaka 1 haijaanza kutembea. Kwa hiyo ulipoumia ukamwambia nani? Supavaiza? Mediki wa kambi? Andika jina lake, cheo chake, mwezi, na waliokuwepo. Hata zile siku 30 za taarifa zinasamehewa ikiwa kampuni ilikuwa inajua au haikupata hasara yoyote kwa kuchelewa kwako.

SIMAMA HAPO: suala la muda likishaletwa mezani usijibishane peke yako kwa imeli. Sentensi kama "nilijua tangu 2010 kwamba mgongo ni wa kazi" inaweza kukuzikia kesi nzima. Tafuta wakili wa DBA kwanza, ujibu baadaye.

Huyo wakili ni wa Marekani na sheria inaulinda mfuko wako dhidi yake: haruhusiwi kuchukua hata senti kwako bila ada hiyo kuidhinishwa na ofisi au jaji, kufanya hivyo ni kosa la jinai, na ukishinda kwa kawaida bima ndiyo inamlipa. Kwa hiyo yule broka wa Kampala anayetaka pesa ya kufungua faili kwa mobail mani, au anayesema atachukua asilimia 30, au anayekupa karatasi tupu usaini, huyo si wakili. Jina la wakili unaliangalia bure kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo lake.

"Bima imeleta LS-207, wamekataa"

LS-207 si hukumu. Ni bima inasema hatukubali, na imeisema yenyewe bila jaji. Soma sababu waliyoandika, kawaida ni moja kati ya hizi.

Hakuna ushahidi wa daktari. Hii ndio inaongoza. Mtu anaenda hospitali anarudi na karatasi imeandikwa maumivu ya mgongo, apumzike, tarehe, mhuri. Hiyo haisaidii. Sheria inakupa haki ya kuchagua daktari wako mwenyewe, basi mwendee daktari bingwa, Mulago au kwingine, umwombe aandike mambo manne: una nini hasa na vipimo vinaonyesha nini, kwa maoni yake kimetokana au kimezidishwa na kilichotokea kule na kwa nini, kazi gani huwezi tena, kusimama saa ngapi, kubeba kilo ngapi, na kama hali imefika mwisho wa kupona basi ni asilimia ngapi ya kiungo imepotea. Daktari anaweza kuwa na foleni ya watu mia nje, mpelekee hayo maswali yameandikwa kwenye karatasi umwachie ajibu kwa nafasi yake.

Ukishaonyesha kwamba una madhara na kwamba kule kulikuwa na mazingira yanayoweza kuyaleta, sheria inachukulia kwamba yametokana na kazi mpaka bima ilete ushahidi wa kupinga. Watu hawajui hili, wanakaa wanajitetea kama washitakiwa.

Wanasema hukuwa zamu. Ulivunjika mguu ukicheza mpira kambini, uliteleza bafuni. Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilishaamua mwaka 1951 kwamba mtu aliyepelekwa na kazi mahali pa hatari, hatari za mahali pale zinahesabiwa hata kama wakati ule hakuwa anafanya kazi yenyewe. Kwa hiyo usijikate mwenyewe madai kwa sababu ya mpira.

Wanasema ulisaini huna madai. Labda siku unaondoka ulipewa karatasi ukasaini upesi upesi ili upewe tiketi. Sheria inasema makubaliano ya mfanyakazi kuacha haki yake ya fidia hayana nguvu.

Wanasema ni akili, si jeraha. Hapa naomba niseme polepole. Mtu amerudi, hali chakula vizuri, hapati usingizi, boda ikipiga kelele anaruka, anapiga watoto ambao hakuwahi kuwapiga, na nyumbani wanasema amelogwa, wanatumia pesa yote kwa waganga. Hiyo ina jina kwa madaktari, ni msongo unaobaki baada ya matukio ya kutisha, DBA inaulipa, na kwenye hospitali ya akili ya Butabika wapo madaktari wanaoujua. Mke aende naye, kwa sababu yeye ndiye anaona usiku na mwenyewe atasema niko sawa afande. SIMAMA HAPO: kama anaongelea kujiua au ana silaha nyumbani, acheni fomu, mpelekeni hospitali leo hii.

Baada ya LS-207 unaomba kikao cha usuluhishi kupitia OWCP, kinaweza kuwa kwa simu, na maoni yanayotoka hapo hayamfungi mtu. Pande zikishindwa kukubaliana fomu LS-18 inapeleka kesi kwa jaji. Ukishindwa kwa jaji una siku 30 tu za kukata rufaa kwenye bodi ya rufaa, usizichezee. Kuanzia hapo kwa jaji mimi sishauri mtu aende bila wakili.

"Wananilipa, lakini kidogo mno"

Fidia ni theluthi mbili ya wastani wa mshahara wako wa wiki. Tuseme ulikuwa unalipwa dola 800 kwa mwezi: mara 12 ni 9,600, gawa kwa wiki 52 unapata kama dola 184.60, theluthi mbili yake ni dola 123 na ushee kwa wiki. Viungo vina wiki zake zilizoandikwa kwenye sheria: mkono mzima 312, mguu 288, kiganja 244, unyayo 205, jicho 160, usikivu wa sikio moja 52 na masikio yote mawili 200. Daktari akisema umepoteza asilimia 25 ya mguu hiyo ni wiki 72, kwa mshahara wetu wa mfano ni karibu dola 8,860. Mgongo, kichwa na akili haviko kwenye orodha hiyo, vinalipwa kwa kuangalia uwezo wa kipato uliopotea.

Kosa la kawaida kwenye hesabu ni bima kutumia mshahara wa mlinzi wa Kampala badala ya ule wa kule, au kuacha bonasi. Toa slipu, toa stetimenti ya benki. Kosa lingine ni kuleta ripoti kwamba unaweza kupata kazi hii na ile hapa mjini, kazi ambazo ukienda kuziuliza hazipo au zinataka mtu wa kusimama saa 12. Nenda kweli kaziulize, andika tarehe na ulichoambiwa.

"Zilikuwa zinakuja, zimesimama"

Angalia kama walikutumia fomu LS-200 ya kuripoti kipato. Una siku 30 kuirudisha hata kama kipato ni sifuri, usipoirudisha unaweza kupoteza fidia ya kipindi hicho. Na uiandike kweli, kama una kibanda cha mobail mani kiandike.

Kisha angalia kama waliita ukapimwe na daktari wao hukwenda, kukataa bila sababu kunasimamisha malipo. Ukienda usiongeze na usipunguze, jibu unachoulizwa, na ukitoka andika alichopima na mlichukua muda gani.

Alafu benki. Jina la akaunti lifanane na la kesi, akaunti iwe hai, iwe ya dola kama inawezekana, na namba ya SWIFT ya benki, ile inayotumika kupokea pesa kutoka nje, uichukue kaunta kwa maandishi. Cheki ya dola kutoka Marekani inachukua wiki nyingi kukubalika, omba watume kwa benki moja kwa moja. Kama ni malipo yaliyoamriwa na jaji na yamepita siku 10 bila kulipwa, yanaongezeka asilimia 20, mwambie wakili wako adai.

"Wanataka nisaini mwisho wa kesi, haraka"

SIMAMA HAPO kabisa. Makubaliano ya mwisho lazima yaidhinishwe na ofisi au jaji, na yakishaidhinishwa huwezi kurudi hata mguu ukikatwa mwaka ujao, matibabu nayo kwa kawaida yanaisha hapo. Ujue pia kwamba DBA ina kipengele kinachoruhusu bima kuomba kumlipa asiye raia na asiyeishi Marekani nusu ya thamani ya malipo ya baadaye yaliyobaki. Mimi naona kipengele hiki ni dhuluma ya wazi, damu ni moja, lakini kipo, na ndio maana ofa ya kwanza inakuja ndogo hivyo. Mwombe wakili akuonyeshe hesabu kwenye karatasi, wiki ngapi mara ngapi, na matibabu ya miaka ijayo yamewekwa wapi. Soma na mtu anayejua Kiingereza vizuri ambaye hana fungu katika pesa hiyo.

"Mwenyewe ameshafariki"

Mama, usikubali kuambiwa kesi imekufa naye. Kama kifo kimetokana na jeraha la kule, fomu ni LS-262 na muda ni mwaka 1 kwa kanuni zile zile nilizoeleza juu. Mjane anapata asilimia 50 ya mshahara wa wastani, kukiwa na watoto inafika theluthi mbili, na mazishi mpaka dola 3,000. Mtoto anahesabiwa mpaka miaka 18, au 23 akiwa bado anasoma. Mtoto wa nje ya ndoa ambaye marehemu alimtambua na kumtunza naye yumo.

Kinachokwamisha hapa ni cheti cha ndoa. Mlioana kimila bila kusajili, basi tafuta ushahidi wa siku ya kutambulishana, picha, barua ya LC1, wazee waliokuwepo, cheti cha ubatizo cha watoto chenye majina ya wazazi, na ulizia kusajili kwenye wilaya yako kama bado inawezekana. Cheti cha kifo kinatoka NIRA. Wakitokea wake wawili usianze kugombana ofisini, hilo ni la wakili.

Na wazee wa ukoo waambieni kwa heshima: kwa asiye raia wa Marekani wanaolipwa ni mke na watoto, na kama hao hawapo basi baba au mama ambaye marehemu alikuwa anamtunza kwa mwaka mzima kabla ya kuumia. Ndugu na wajomba hawamo, na pesa hii haigawanywi kwenye kikao cha msiba. Akaunti iwe ya mjane mwenyewe, na kadi ya benki ikae kwake.